Kaniki Moja, Watoto Wawili

Lindi, 4 Agosti 1906

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi mwanao Kassimu, mzima isipokuwa mabega, maana magunia ya pamba hayana huruma. Miguu yako inaendeleaje? Na wanangu pacha, wanakula nini?

Barua yako imenichosha kuliko magunia. Unasema umemvika Bashiru kaniki, ukamtoboa masikio, unamwita binti, ili askari wa boma wasimchukue akawabebee masufuria. Sawa, umemficha. Lakini mwaka mzima mtoto wa kiume anatwanga na kuchota maji! Utaniharibia mwana, Mama. Uanaume umo katika damu, na damu nayo huharibika. Tena pacha wake, Biasha, unampandisha dunguni kufukuza nguruwe shambani? Msichana ni msichana. Hata umnyoe kichwa, utamjua kwa mwendo.

Mvue Bashiru kaniki hiyo.

Mwanao,
Kassimu

Mpitimbi, Songea, 20 Septemba 1906

Kassimu mwanangu,

Marahaba. Mwalimu Salum anaandika, nami nasema polepole kwa kuwa pumzi ni chache. Miguu imevimba. Tangu tumzike mkeo tunakula mizizi, na uji siku Mungu akijalia.

Sasa nijibu, wewe unayejua mambo ya damu. Kama uanaume umo katika damu, kaniki itauharibuje? Na kama kaniki inaweza kuuharibu, haukuwa katika damu. Bashiru alilia siku tatu za kwanza. Leo anatwanga huku anaimba, na kitoto cha jirani hakinyamazi mpaka kibebwe na yeye. Biasha ana shabaha ya mawe ambayo wewe hukuwa nayo hata ulipokuwa mkubwa kuliko yeye. Sikuwafundisha mimi, njaa ndiyo iliyowafundisha. Wanaume wetu vita vya Maji Maji vimewamaliza, wengine wamenyongwa pale bomani. Nani apande dunguni? Mimi?

Nimechoka, mwanangu. Ukirudi utawalea upendavyo.

Mama yako,
Mwanne

Mpitimbi, 2 Novemba 1906

Kassimu,

Leo sina salamu nyingi. Wamemchukua Biasha.

Kaniki humu ndani ni moja tu, ile yangu, na iko mwilini mwa Bashiru. Mimi najifunga gome la mti. Biasha alikuwa dunguni amevaa kitambaa cha kiunoni cha kaka yake, kichwa nimemnyoa kwa ajili ya chawa. Askari wakamwita, "We kijana, shuka!" Bashiru alikuwa kando yangu ameshika mchi, hata hawakumtupia jicho. Nikawakimbilia nikilia kwamba ni msichana. Wakacheka, wakasema siku hizi kila bibi ana wajukuu wa kike watupu.

Masikio ya Biasha sikuwahi kuyatoboa, vita vilitukuta kabla. Nilimtoboa kaka yake tu. Kosa ni langu. Bashiru ananiomba nimvue kaniki akabadilishane na dada yake. Nimemkatalia, nisije nikawakosa wote wawili.

Msafara umepita Namtumbo, unakuja huko kwenu Lindi, unasimama kila kijiji kuchukua watu. Barua hii anakuja nayo mchuuzi asiye na mzigo, atawatangulia. Mtafute mwanao.

Mama yako

Lindi, 9 Desemba 1906

Mama,

Shikamoo, na pole. Keti kwanza. Ninaye.

Msafara uliingia Jumanne. Watoto wa masufuria walikuwa kumi na wanne, wamepangwa mstari, vumbi tupu. Nikawapitia mmoja mmoja nikitafuta mwendo wa msichana, uso niliouacha miaka mitatu iliyopita. Sikuuona. Nikarudi nikawapitia tena. Nikasema basi, amefia njiani, nikageuka niende zangu. Ndipo mmoja akaita, "Baba."

Nilimwambia askari kwamba huyu ni binti yangu. Akacheka sana. "Msichana abebe sufuria hili kutoka Songea? Msichana tungemjua kwa mwendo." Maneno yangu mwenyewe, Mama! Nililia mbele ya watu. Mke wa askari huyo ndiye aliyemwingiza mtoto kibandani, akatoka akasema ni wa kike, akamgombeza mumewe mpaka akatuachia.

Uliniuliza kuhusu damu. Nilimzaa mimi, na nimempita mara mbili.

Usiku tulipokula nilimuuliza mbona hakuniita mara ya kwanza. Akasema, "Nilitaka kuona kama utanijua."

Tutaanza safari miguu yake ikipona. Bashiru mwache kama alivyo, mwambie dada yake anakuja. Nimemnunulia Biasha kaniki mpya, lakini hajaivaa. Ameikunja akaiweka chini ya kichwa chake, anasema hiyo ni ya bibi.

Mwanao,
Kassimu