Mnara Uliousogeza

Kijiji cha Kwa Tomsoni,
S.L.P. 46,
Mau Narok.
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Kahiga,

Nakusalimu, na salamu zitangulie mengine yote, maana hata mtu mwenye uchungu hufunzwa kusalimu kwanza. Hujambo? Mke wako na mtoto Shantel hawajambo? Jackie aliniambia kifua kilikusumbua tena wakati wa baridi. Natumaini kimepoa. Tangu utotoni baridi ya Mau ilikuwa ikikuingia kifuani, na sijui ni kwa nini ulienda kutafuta nchi yenye baridi kuliko hii.

Sisi hapa tu wazima. Magoti yangu yananisumbua nikipanda kilima, lakini nikiwa mahali tambarare nakwenda vizuri. Viazi vilitoka vingi, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mvua imeanza kutishia, haijashika. Binti yangu Jackie, kama ujuavyo, amepata kazi ya uuguzi huko Ujerumani mliko, na ndiye atakayekukabidhi barua hii. Nimemwomba akae nawe mpaka uisome yote.

Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nilipoanza kusema ulinieleza mambo ya kampuni kwa haraka, mimi bado natafuta maneno, mara unaniambia mimi shangazi yako, "Tata, niko kazini." Kwenye karatasi nitamaliza.

Nirudi nyuma kidogo. Desemba ya mwaka juzi ulipokuja, kampuni yenu ilikuwa imeshasimamisha ule mlingoti wa kupima upepo juu ya kilima, na majirani walikuwa na wasiwasi. Hata mimi nilikuwa nao. Wewe ndiye uliyeniambia niwaite waje nyumbani wakusikie. Nikapika githeri, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa. Jirani yetu Jemutai akaja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, kwa sababu alikumbuka kwamba unaipenda. Wakaketi nyasini mbele ya nyumba, nawe ukasimama ukawaeleza habari za mitambo ya upepo, jinsi mapanga yake yanavyozunguka na kutoa stima bila moshi na bila mafuta. Nilikutazama nikamkumbuka marehemu baba yako, kaka yangu Mbugua. Alikuwa akisimama vivyo hivyo, mikono nyuma.

Mzee Kosgei akauliza, "Kijana, kuna mtu atahamishwa?"

Ukacheka. "Hakuna, mzee. Hata kuku hatahama."

"Na hiyo stima itaenda wapi?"

"Itaanzia hapa chini ya kilima. Nyumba zenu ndizo zitakazowaka kwanza."

Watu wakapiga makofi. Lakini Kosgei si mtu wa kupiga makofi haraka. Alinigeukia mimi akasema, "Mama Jackie, huyu ni mtoto wako. Wewe unasemaje?"

Nikasimama mbele ya wote nikasema, "Huyu nimemlea mimi. Akisema yeye, nimesema mimi."

Ulisikia. Ulikuwa umesimama karibu nami hivi, na ukanishika bega.

Ulipoondoka, wewe ulirudi kazini, nami nikabaki na maneno yako. Aliyesita nilimfuata kwake. Jemutai alikuwa ametenga mtamba auuze, aweke stima ya jua juu ya paa, wajukuu waache kusoma kwa kibatari. Nilimzuia mimi. Nilimwambia, "Ya nini kuuza mtamba mzuri hivyo, na stima ya Kahiga iko njiani?" Akanisikiliza. Wajukuu wake wakaendelea kuvuta ule moshi, na kila nikipita jioni nilikuwa nawaambia wavumilie.

Mwezi wa Agosti mwaka jana wapima ardhi wakaja na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Walipiga kimoja kwenye lango la Mzee Kosgei. Wakapiga kingine nyuma ya jiko la Jemutai. Kwangu hawakupiga hata kimoja, na mimi ndiye niliye juu zaidi, karibu na kilele. Nilidhani labda hawajafika. Nikawachemshia chai niwangoje, wakapita wakiniaga kwa heshima.

Wiki iliyofuata chifu akaita baraza. Kampuni ilimtuma afisa wao, Bwana Khaemba, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alieleza kwamba nyumba zilizo karibu na minara ya mitambo hiyo lazima ziondoke kwa ajili ya usalama, na wenyewe watajengewa mahali pengine. Kemboi, mtoto wa Jemutai, akasimama.

"Injinia wenu alituambia hakuna atakayehama. Alisema hata kuku."

Khaemba akamtazama chifu, kisha akamtazama Kemboi. "Ndugu yangu, mimi nashangaa. Injinia Kahiga ndiye aliyepanga mahali pa kila mnara, hata kabla hajaja kuwaona. Alijua ni nyumba zipi zinatoka."

"Na stima yetu?"

"Hii inaingia kwenye zile nyaya kubwa za nchi nzima. Kuwasha nyumba za kijiji haikuwa katika mpango wetu hata siku moja."

Nilitaka kusimama nikamwambia Khaemba ni mwongo, na nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Hapo Kemboi akauliza, "Na mbona sisi tulio chini tumepigiwa kigingi, na Mama Jackie aliye juu hana?"

Nafikiri Khaemba hakujua mimi ni nani. Angejua asingejibu vile. Alisema, "Ule mnara kwanza ulikuwa uwe huko juu. Injinia aliomba usogezwe."

Kahiga, sijui kama umewahi kugeukiwa na watu wote unaowajua kwa wakati mmoja. Walionitazama ni watu niliozika nao, niliovuna nao, walionichangia nilipofiwa na mume wangu. Hakuna aliyenitukana. Mzee Kosgei alichukua fimbo yake akatoka, na alipopita karibu nami alisogea pembeni asiniguse.

Nilikupigia kutoka hapo hapo nje ya ofisi ya chifu, nikilia. Wewe ukaniambia, "Tata, nyumba yako iko salama. Sasa unalia nini?"

Nikakuuliza kwa nini uliwadanganya. Ukasema, "Ningewaambia ukweli wasingekubali."

Maneno hayo nimekaa nayo miezi mingi, na bado siyamezi. Kama ulijua wasingekubali, basi ulijua unawachukulia kitu chao. Na ukaona njia nyepesi ya kukichukua ni kupitia kwangu, kwa kuwa mimi wananiamini. Ulinitumia, mwanangu. Ulinitumia kama mtu anavyomtumia mbuzi wa kufugwa kuwaingiza wenzake zizini.

Tena ni kwa Jemutai! Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne mwaka ule wa fujo za uchaguzi. Huwezi kusema umesahau. Vijana walipokuwa wakipita na moto, ni Jemutai aliyetufungia kwenye ghala lake, akakulaza wewe na Jackie chini ya magunia ya viazi, akasimama mlangoni akawaambia watu wa lugha yake kwamba ndani hamna mtu. Wangeligundua, wangelichoma ghala naye pia. Baada ya amani kurudi, wengi waliuza mashamba wakaenda Lanet, Gilgil na kwingineko. Mimi nilibaki kwa sababu yake. Ghala lile bado lipo, Kahiga. Liko hatua chache tu kutoka jikoni, pale kigingi chako kilipopigwa. Ulipokuwa ukichora huko Ujerumani, mkono wako haukusita hata kidogo?

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Nikifika mahali pa kupimia maziwa mazungumzo yalikatika. Kanisani niliachiwa benchi peke yangu. Niliambiwa na mtu mmoja, tena kwa upole, kwamba watu wananiita mke wa kampuni.

Jemutai alikuja mwenyewe. Alikaa, akapokea chai, akauliza jambo moja tu. "Mama Jackie, ulijua?"

"Sikujua."

Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini Kemboi haamini, na siku hizi yeye ndiye mwenye boma." Akamaliza chai akaondoka. Tangu siku hiyo tukikutana ananisalimu vizuri, lakini haketi.

Kisha Khaemba akaja kwangu. Alihitaji niweke sahihi, kwa sababu malori ya kubeba ile minara hayawezi kupanda kilima ila kwa kupitia shamba langu la chini. Nilikuwa nimekubali kwa mdomo ulipokuwa hapa. Nikamwambia barabara haipiti.

"Mama, kazi yote itasimama kwa sababu ya kipande hiki."

"Basi isimame."

"Lakini nyumba yako wewe haiguswi."

"Ndiyo sababu," nikamwambia. "Rudisheni mnara mahali mlipoupanga kwanza. Mkishaurudisha, njoo na kalamu."

Usidhani nilisema hayo kwa ushujaa. Sikuwa na njia nyingine ya kuwaonyesha jirani zangu kwamba sikuuza mtu. Maneno yangu hayakuwa na thamani tena. Nilibakiwa na lile shamba tu.

Wewe ulinipigia mara nyingi wakati huo, na nilijua kampuni imekusukuma. Uliniambia nakuharibia kazi. Hukuuliza hata mara moja habari za Jemutai. Mara ya mwisho ulikasirika ukasema, "Nilikulinda wewe, na haya ndiyo malipo?" Kisha hukupiga tena hadi leo.

Miezi ikapita. Mwishowe kampuni ikaleta injinia mwingine, mama mtu mzima. Alipanda kilima kwa miguu yake, akaingia nyumba moja baada ya nyingine, akaketi kwa Jemutai asubuhi nzima. Alisema wazi kwamba stima haitashuka kwetu, akasema wazi nani atahama na atajengewa wapi. Na unajua kilichonishangaza? Watu walinuna, wakabishana, kisha wengi wakakubali. Hawachukii upepo hawa. Wanajua nchi inataka stima. Wangeambiwa hivyo Desemba ile, pale nyasini, huenda wangekubali, na leo ungekuwa ukipita hapa kifua mbele.

Kigingi cha Jemutai kimeng'olewa. Mnara umerudi juu, nami nimeweka sahihi ya barabara. Nyumba itakayobomolewa kwa ajili yake ni hii yangu, aliyoijenga mume wangu, ambamo wewe uliletwa baada ya mama yako kufariki, ukiwa bado huwezi kufunga kamba za viatu. Nitajengewa chini karibu na barabara, na kwa magoti haya labda ni afadhali. Nitahama baada ya Pasaka. Vitu vyako vya shule Jackie amevitia kwenye sanduku.

Kigingi cha Mzee Kosgei, cha mnara ule ule, nacho kingeweza kuondolewa, lakini alikuwa ameshaondoka. Aliuza ng'ombe wake akaenda kukaa kwa binti yake Njoro. Nilimfuata huko nikamwambia mambo yamebadilika, arudi. Alinikaribisha, akaniambia, "Mama Jackie, mimi ndiye niliyesimama katika harambee ya kumpeleka yule mtoto ng'ambo. Siwezi kuamka kila siku nikitazama kilima kile." Nikarudi peke yangu. Hilo sijapata dawa yake, na sidhani kama lina dawa.

Jemutai aliuza mtamba wake hatimaye. Ameweka paneli za jua juu ya paa, na jioni naona madirisha yake yakiwaka. Zamani ningekuwa wa kwanza kwenda kuchajia simu kwake. Siku hizi napeleka dukani. Sijafukuzwa, lakini sijaitwa, nami nangoja kuitwa.

Kahiga, usinitumie kitu. Nimeambiwa na Jackie kwamba unataka kuninunulia hiki na kile kwa ajili ya nyumba mpya. Nisichokuwa nacho hakinunuliwi huko. Nakutaka wewe mwenyewe uje. Ukishuka Nakuru, nenda Njoro kwanza ukamwone Mzee Kosgei, hata akikataa kutoka nje. Kisha uje kwa Jemutai, uketi, umweleze ulichofanya kwa mdomo wako, na Kemboi akiwepo. Usipitie kwangu kupata moyo, wala usiniombe nikusindikize. Nilikwisha kukusemea mara moja.

Ukitoka huko, njoo kwangu. Sijui nitakuambia nini. Chakula utapata.

Nisalimie mke wako, na umpakate Shantel kwa niaba yangu. Jackie ni mgeni huko, mwangalie kama dada yako, kwa kuwa ndivyo mlivyolala chini ya yale magunia. Mungu akulinde barabarani na kazini, akuponye kifua, akupe na moyo wa kusema kweli hata mahali ambapo uongo ungekufikisha upesi. Nakuombea hivyo kila asubuhi, hata zile asubuhi ninazoamka nikiwa na hasira nawe.

Ni mimi niliyekulea, na ninayekupenda ingawa umeniumiza,

Shangazi yako,
Wangu