Godoro la Ofa kwa Mama Mkwe

Nyamuswa Sokoni,
Bunda, Mara.
12 Oktoba, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Gody,

Shikamoo yako sijaipata tangu Pasaka, lakini nimekusamehe, pengine huko Kanada salamu nazo zinasubiri msimu wa punguzo. U hali gani? Kile kifua cha baridi kimepona? Unakula? Kwenye picha uliyotuma juzi shingo imekuwa nyembamba mpaka Mama akauliza kama huko mnafunga.

Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kukiwa na mawingu, ila ugali wa muhogo anaumaliza na sauti ya kugombeza watu bado anayo. Mvua za vuli zinatubipu tu, hazijapiga kabisa. Mimi mzima, niko na dagaa zangu pale sokoni, na mdomo wangu unaujua, haujapungua hata kidogo.

Sasa tuje kwenye lile unaloniulizia kila siku, kama wakwe zako wa Butiama wametulia na kama Prudence anajiandaa kwa harusi ya Desemba. Sikukujibu kwenye simu makusudi. Kwenye simu nikianza kusema ukweli, mtandao wako unakuwaga mbaya ghafla. Barua huwezi kuikata. Kaa chini, uisome yote. Harusi haipo, Gody. Nakueleza ilivyokufa, maana naona mpaka leo hujui kwamba muuaji ni wewe.

Tuanzie nyuma kidogo. Wewe ulikuwaga mtoto mkarimu. Ulikuwaga unamega sato wa kwenye sahani yako unawapa watoto wa jirani mpaka unabaki na mchuzi. Ulipofika huko sijui nani alikuroga kwa hizo ofa. Ukatuandikisha ukoo mzima kwenye pointi za ile supamaketi ya Musoma, hadi namba ya marehemu Babu ukaiingiza, eti laini yake bado iko hewani. Ukanikataza kununua sukari hapa Nyamuswa, nipande gari hadi Bunda, nibadilishe hadi Musoma, kwa kuwa Ijumaa pointi zinakuwa mara mbili. Nilipokuambia nauli imekula faida yote na kuramba sahani, ukanijibu nitazame mbali. Nimetazama mbali, mdogo wangu. Pointi zetu za mwaka mzima, wazima kwa marehemu, zimetupatia chujio la chai.

Hayo nilikuwa nacheka. Nikawa nawaambia watu sokoni, mdogo wangu ana akili nyingi, zinamwagika.

Halafu ukaja na ukumbi. Unakumbuka ulivyonipigia kwa furaha? Eti umepata ukumbi mzuri kabisa Musoma, karibu na ziwa, umeulipia kwa mtandao kwa nusu ya bei, na viti vyenye vitambaa juu. Ukajisifu kwamba Watanzania hatujui kutafuta. Nikakuuliza tarehe. Ukaitaja. Lo! Gody, mtoto uliyebatizwa, ukapata komunyo, ukapata kipaimara, ukatumikia altareni pale parokiani ukivuta kamba ya kengele, umelipia harusi katikati ya Kwaresma! Ukumbi ulikuwa nusu bei kwa sababu hakuna Mkristo wa Mara mzima anayeoa wakati ule. Paroko alicheka mpaka akavua miwani. Mwenye ukumbi hakurudisha hela, alitoa kadi ya zawadi ya kutumia ukumbi siku nyingine, na siku hiyo nyingine lazima iwe ya katikati ya wiki. Prudence alikuwa ameshashona gauni. Alilikunja akalirudisha kwenye mfuko.

Basi, Prudence akavumilia tena. Si mara ya kwanza. Amevumilia mwaka ule uliosema pointi zako za ndege hazijatosha, na mwaka uliofuata zilipotosha ukakuta zinahitaji siku ambazo ndege haiji. Watu wa Butiama senta wakawa wanamwita mke wa simu. Yeye anakanyaga cherehani yake, anawashonea wenzake sare za harusi, na kila Jumapili ya pili anakuja hapa kumkanda Mama magoti. Sijamwona binti wa namna ile. Nilikuwa nampenda kama aliyetoka tumbo moja na sisi.

Ng'ombe ulitoa, hilo sikunyimi. Baba Mdogo Magesa aliwaswaga mwenyewe na wakapokelewa kwa vigelegele. Kilichobaki kilikuwa blanketi la mama mkwe. Blanketi tu, Gody. Kitu kinauzwa hata hapa Nyamuswa, kimening'inia mlangoni dukani, unakiona ukiwa barabarani. Nikakwambia nitumie hela nilinunue kesho. Ukasema hapana, hela zinapotea njiani. Ukasema una kadi ya zawadi ya duka moja kubwa la Mwanza, tena kuna ofa ya Nanenane, kwa hiyo nikae nitulie, mzigo utafika wenyewe Butiama, usafiri ni bure.

Nikatulia. Hapo ndipo nilipokosea kukuamini.

Jumamosi ile baada ya Nanenane tukaenda, mimi na Baba Mdogo na wazee watatu wa ukoo, tumevaa tukavalika. Wakwe wametandika mikeka, ng'ombe wa kwao amechinjwa, pombe ya mtama inachemka kwenye mtungi kama ina maneno ya kusema. Mama Nyangi, mama yake Prudence, amekaa ndani na wanawake wenzake, amejifunika vizuri, anasubiri kufunikwa blanketi lake mbele ya watu. Yule mama ana binti mmoja tu wa kuozesha maisha yake yote. Alikuwa ametengeneza nywele.

Pikapu ikafika. Dereva akashuka, akafungua turubai. Haki ya Mungu nilitamani ardhi inimeze. Magodoro mawili! Ya futi tano kwa sita, pacha, maua mekundu yaleyale, nailoni ileile, na yamefungwa kwa kamba moja. Dereva, mtu wa watu, hana kosa, akasoma kwa sauti alivyoandikiwa: godoro la bibi harusi, na godoro la mama. Risiti ilikuwa imebandikwa kwenye nailoni. La Prudence lilikuwa na bei. La Mama Nyangi limeandikwa bure.

Niambie, wewe ulizaliwa wapi? Umesahau kwamba huku kwetu wewe na mama mkwe hata mkono hampeani? Umesahau Baba alivyokuwa akimwona bibi yetu mzaa mama njiani anapita porini, hata kama kuna tope, mpaka bibi apite? Blanketi ni la mabegani, mtu anajifunika kanisani na msibani, kila mtu anaona anasema huyu ana mkwe. Godoro ni la chumbani. Umemnunulia mama mkwe mahali pa kulala, na ukalinunua pamoja na lile utakalolalia na mwanawe, kwa kamba moja! Shangazi yake Prudence alitema mate chini akaingia ndani. Wanawake wakatoka mmoja mmoja. Baba Mdogo Magesa alikuwa anajipangusa jasho kwa kofia yake, akisema ni makosa ya duka, ni makosa ya duka, na mimi nikijua kabisa duka halina kosa, lilitoa kilichoagizwa.

Mama Nyangi hakutoka. Nilimsikia analia kule ndani. Sauti yake haijanitoka masikioni mpaka leo, na natamani ningeweza kuifunga kwenye bahasha hii nikutumie.

Magodoro yalirudi na sisi. Wakwe walikataa yalale kwao hata usiku mmoja. Sasa yako kwenye ghala la pamba la Baba Mdogo, panya wameshazaa humo mara ya pili, na nasikia wanapasifu sana.

Hata hivyo mlango haukufungwa. Sikiliza vizuri hapa. Wazee wa Butiama ni watu, walikaa wakatulia, wakasema kijana amekaa mbali, amesahau. Wakaomba mbuzi wa kutakasa, hilo Baba Mdogo alilimaliza siku ileile. Na wakaomba kitu kimoja kutoka kwako: uje mwenyewe, usimame mbali kama mkwe anavyosimama, uombe radhi kwa mdomo wako. Kama kuja haiwezekani upesi, basi upige simu, wawekewe spika, wakusikie. Basi. Hakuna aliyetaka hela yako.

Na wewe ukafanya nini? Ukatuma sauti ya dakika nzima kwa Baba Mdogo, akaiweka mbele ya wazee kwa furaha akidhani ni radhi. Kumbe unawaeleza kwamba lile godoro ni zito, halibonyei, na lina garantii ya miaka kumi! Khaa! Wazee walitazamana. Mmoja akauliza kama garantii ni mtu. Hapo Baba Mdogo alizima simu akaondoka bila kuaga, na tangu siku ile akisikia jina lako anakumbuka ana kazi shambani.

Kuhusu kuja, ukasema utakuja, ila tiketi zinashuka sana mwishoni mwa Novemba.

Mwanzoni mwa Septemba Prudence alikuja hapa. Haikuwa Jumapili yake. Alikuja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, akamkanda Mama magoti kama kawaida, halafu akanivuta jikoni. Akaniambia kuna mwanaume ameleta posa. Anaitwa Clever, ana duka la nyavu Kisorya pale kivukoni, mtu mpole, mke wake alifariki kwa uzazi. Baba yake Prudence amempa wiki moja ajibu. Nikamuuliza kama wewe unajua. Akasema amekuambia jana yake, kila kitu, jina la mwanaume na siku ya kujibu. Nikamuuliza ulisemaje. Akasema ulimjibu avumilie kidogo, Novemba si mbali, na kwamba ukinunua tiketi sasa hivi utakuwa umepoteza hela bure.

Bure. Ndivyo ulivyomwambia.

Akaniuliza, "Wifi, nimsubiri?"

Gody, wewe ni damu yangu. Nimekubeba mgongoni mpaka ukaniachia alama ya mbeleko. Nilijua nikisema subiri, yule binti angesubiri, maana alikuwa ananiamini kuliko alivyokuamini wewe. Mama alikuwa pale upande wa pili wa ukuta, anasikia kila neno. Nikamwangalia Prudence, ana miaka thelathini na moja, mikono imejaa alama za sindano kwa gauni za wenzake.

Nikamwambia, usimsubiri. Nenda kaolewe.

Alilia kwenye khanga yangu mpaka ikalowa. Aliponyamaza akaniuliza kama katika miaka yote hii uliwahi kunitajia jina lake bila kutaja bei ya kitu. Nilitafuta kichwani, Gody. Nilitafuta kwa moyo wote, kwa ajili yako. Sikupata.

Ameolewa Jumamosi iliyopita, kanisani Kisorya. Nilikwenda. Nilicheza pia, nisikudanganye, na chakula nilikula mpaka nikafungua kifungo. Gauni ni lile lile alilolikunja wakati wa Kwaresma, na limemkaa. Nilipomuaga alinishika mikono yote miwili akaniita wifi, kwa mazoea, akashtuka, akajifunika mdomo. Mumewe alikuwa amesimama pale pale. Akasema aendelee tu kuniita hivyo.

Ng'ombe wako wamerudishwa wote, pamoja na ndama mmoja aliyezaliwa huko. Ukipiga hesabu zako utaona umetoka na faida.

Sasa usinipigie kunitukana. Na usimpigie yeye kabisa, ni mke wa mtu. Ukitaka kulia, lia, huko hakuna anayekujua. Ukimaliza, tafuta chai na mkate ule ushibe, maana ile shingo inanitia wasiwasi, na mimi bado ni dada yako.

Mama anakusalimu. Nilimuuliza niandike nini kwa niaba yake, akasema niandike kwamba magoti yanauma, sasa hivi hakuna wa kuyakanda. Baba Mdogo Magesa hajakusalimu, lakini aliuliza kama huko kumeanza theluji, nafikiri ndiyo salamu yake. Dada yetu Gaudensia wa Murangi anakusalimu, amepata mtoto wa kiume, na amekataa katakata kumpa jina lako.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akuepushe na magonjwa ya baridi. Na kabla hujazeeka akujalie kukitaka kitu kimoja, hata kimoja tu, kwa nguvu mpaka usahau kuuliza bei yake, na akujalie ukikute bado kipo.

Akupendaye hata hivyo,
Dada yako,
Hyasinta.