Nimeufuta Mwanya wa Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana baada ya hapo sijui kama nitakuwa bado na ndoa au nitakuwa nimerudi kwetu na begi. Mimi ni fundi picha, nina miezi mitatu tu tangu nifungue kibanda changu cha picha za pasipoti na za harusi, na kazi ya kompyuta nimejifunza kwa kutazama video, sasa wiki iliyopita mama mkwe akaniletea picha ya harusi yake na marehemu mume wake, ndiyo pekee aliyobaki nayo, ina doa la chai limekatiza kutoka begani kwa bwana harusi hadi shavuni, akaniambia, "Mwanangu, niondolee hili doa tu, Jumapili watoto wote wanakuja, nataka niitundike sebuleni, mjukuu wangu aone mwanya wake umetoka wapi," maana binti yangu ana mwanya mbele na siku hizi anacheka ameziba mdomo kwa mkono.

Nikaiskani, mara ya kwanza ikatoka imepinda, nikarudia, ikanyooka, nikaanza kazi. Leya, yaani zile tabaka za picha kwenye kompyuta, mimi sizitumii, mshauri, nasema ukweli, kwa sababu siku niliyojaribu nilipaka rangi mashavu ya bibi harusi mmoja nusu saa nzima nisione hata tone, kumbe nilikuwa kwenye leya ya chini na picha imenifunika juu, nikaapa sirudi huko, kwa hiyo nikafanya kazi juu ya picha yenyewe, doa likatoka safi, nikajisifu, nikaona kovu kwenye nyusi nikaliondoa, nikaona mwanya nikasema ngoja nimpe na zawadi, nikauziba, meno yakapangika kama ya tangazo la dawa ya meno, nikasevu juu ya ile ile, nikafunga.

Mama mkwe alipokuja kuichukua akavaa miwani, akaitazama, akauliza, "Huyu nani?" Nikadhani ananitania. Akasema, "Mwanya wake umeupeleka wapi?" kisha akavua miwani. Nikamwambia usijali mama, ile ya karatasi ipo, nitaiskani upya, na huo ulikuwa uongo, kwa sababu ile ya karatasi nilikuwa nimeshaisugua doa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, nikidhani nasaidia, uso wa baba mkwe ukatoka na kitambaa. Sasa nawaza nichukue meno ya mume wangu nimbandike baba yake, si wamefanana? Au niseme kompyuta imeibiwa? Nisaidie.

Fundi Asiyelala

*

Dada Fundi,

Kwanza pumua. Pili, weka chini meno ya mume wako! Mwanamke aliyeutazama mwanya ule maisha yake yote ya ndoa, utamdanganya kwa meno ya mwanawe? Atakukamata kabla hajavaa miwani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe. Mara ya pili nikaona jambo uliloliandika mwenyewe ukalipita. Umesema uliskani mara mbili. Ile ya kwanza iliyopinda iko wapi? Umeungama kila ulichofuta, kovu, mwanya, mpaka uso wa karatasi, lakini hiyo hukusema umeifuta. Weka gazeti hili chini, nenda kwenye folda ya skana ukaangalie, na kama haipo, angalia kwenye kapu la taka la kompyuta. Kupinda kunanyooshwa.

Umeipata? Basi usiiguse! Najua mkono unakuwasha. Toa kopi, fungua hiyo kopi, na ile yenyewe iache ipumzike.

Sasa tuje kwenye leya unazozikimbia. Kwenu hamtandiki nailoni angavu juu ya kitambaa cha meza? Chai ikimwagika inabaki kwenye nailoni, kitambaa hakina habari. Leya ni hivyo hivyo. Picha inakaa chini, nawe unaifunga kwa kile kialama cha kufuli. Juu yake unaongeza leya mpya, tupu. Chukua brashi yako ya kuondolea madoa, uiambie ichukue rangi kutoka leya zote, na doa ulifunike huko juu. Ukikosea, unafuta leya, mzee hajaguswa. Na kabla ya kugusa chochote, tazama orodha ya leya uone ipi imewaka, maana hiyo ndiyo unayoichora. Yule bibi harusi wako hakuwa na mkosi wowote, hukutazama tu. Hata mimi, nilipokuwa fundi, nilimng'oa bwana harusi sikio kwa haraka hizo hizo.

Ukimaliza, sevu faili lenye leya zake zote, halafu utoe kopi nyingine ya kuchapisha. Usisevu tena juu ya picha ya kwanza, umesikia? Na uliombwa doa. Kovu na mwanya alikuomba nani?

Kuhusu karatasi, hapo sina brashi. Kwenye kompyuta kuna kitufe cha kurudi nyuma, mama mkwe hana. Nenda leo, umwambie kuhusu kitambaa na sabuni, hata kama skani hukuipata. Atakusema. Kaa chini usemwe, umestahili, na usimjibu kwa "lakini". Uso uliobanduka si jambo dogo kwa mjane, na utaona kwamba kilichomuuma zaidi ni kudanganywa na mtu anayemwita mwanangu.

Jumapili, kabla picha haijatundikwa, mkalishe mama mkwe mbele ya kompyuta, binti yako kando yake. Mshikishe kipanya, mwonyeshe kile kialama cha jicho kilicho pembeni mwa ile leya ya juu. Akikibonyeza, leya inajificha, doa linarudi. Akibonyeza tena, linaondoka. Mwache abonyeze mpaka achoke, mume wake atakuwa pale pale na mwanya wake. Na binti yako akiuona akacheka bila mkono mdomoni, mpige picha haraka, na meno yake usiyaguse.