Kaunti ya Kondoo Wengi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kazi mpya ya mtandaoni. Nimwandikie mwanafunzi wa Uingereza insha kuhusu watu na uchumi wa kaunti moja ya mashambani huko kwao. Mimi, Muthoki wa mtaa wa Mbotela! Hata Naivasha sijafika.

Nimesoma takwimu asubuhi nzima. Mtu mmoja kati ya wanne amepita miaka sitini na tano. Vijana wamehamia mijini. Shule zinafungwa kwa kukosa watoto. Kondoo wengi kuliko watu. Nilidhani Uingereza yote ni maghorofa — kumbe ni kama kwetu mashambani, Mwingi, ila yenye mvua!

Jumatano, 5 Machi
Mteja ameongeza sharti: mahojiano na mkulima mzee. Nitamtoa wapi? Basi shetani akaninong'oneza. Ninayo mahojiano niliyofanya na Susu, nyanya yangu, kule Mwingi, kwa ajili ya utafiti wangu wa digrii. Nimenakili ukurasa mzima. Mbuzi wamekuwa kondoo, Susu amekuwa Bi. Margaret. Mengine sikugusa. Hata pale aliposema, “Watoto wangu wote wamefanikiwa, ndiyo maana siwaoni.”

Imekaa vizuri mno. Naona aibu kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Kanisa, chapati, usingizi.

Jumanne, 18 Machi
Mteja amepasi! Mwalimu wake amempenda sana Bi. Margaret, insha imewekwa kwenye tovuti ya chuo chao. Nikacheka peke yangu jikoni.

“Unachekea nini huko?” Mama akauliza.

Nikamwambia Susu amefika ng'ambo. Hakuelewa.

Alhamisi, 20 Machi
Sicheki tena. Msimamizi wangu, Dkt. Musau, ametukumbusha: kila utafiti utapitishwa kwenye programu ya kunasa maandishi ya wizi. Mwisho wa kutuma ni kesho jioni. Programu itaukuta ukurasa wa Susu kwa Bi. Margaret, na mwizi nitakuwa mimi! Miaka minne ya chuo! Nikisema ukweli pia nimekwisha — kuuza insha ni kosa la kufukuzwa.

Ijumaa, 21 Machi
Asubuhi nimempigia Susu. Nimemwomba anisimulie upya, kwa maneno mengine. Akauliza yale ya kwanza yameenda wapi. Nikadanganya, yamepotea. Akanihurumia, maskini! Akaanza tena, taratibu. Mbuzi, kisima, watoto waliofanikiwa — yale yale. Nikamsihi abadilishe kidogo.

“Nibadilishe nini, mjukuu wangu? Ndivyo ninavyoishi.”

Saa kumi sasa. Nimeufuta ukurasa wake wote. Utafiti wa wazee wa Mwingi, na Susu hayumo. Sijatuma bado. Mama ananiita kutoka sebuleni — Susu yuko kwenye simu, anauliza kama jina lake nimeliandika vizuri.