Dawa Isiyojulikana Karema

Yustina mjukuu wangu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Huku Karema samaki wa ziwani, migebuka ya kuchoma, wananukia mpaka zahanati, ambako jana nilifuata dawa za presha, zangu zimeisha. Muuguzi akaitazama karatasi iliyotoka kwenye ile programu uliyoitengenezea zahanati yetu ya Mpanda. "Bibi, P3 ndiyo dawa gani?" Nikajibu kwa majivuno, "Ni ufupisho wa mjukuu wangu, kaubuni mwenyewe." Akacheka: "Huku hatumjui mjukuu wako." Nikakaa kwenye benchi, kichwa kinagonga, mpaka alipompata kwa simu daktari wetu wa Mpanda, akamweleza.

Ulipoambiwa utumie majina ya dawa yanayotumika nchi nzima, ulisema yanachelewesha foleni. Nami nikakutetea, mjinga mwenzio! Foleni kweli ilikwenda haraka, kwa sababu pale wote wanakujua. Lakini wagonjwa wanasafiri, Yustina. Rekebisha kabla sijarudi. Ukiniandikia mimi, fupisha utakavyo, nitakuelewa tu. Dawa za watu ziandike kama wanavyoziandika wengine.

Nawapenda nyie wote, na wewe nakupenda na ubishi wako.

Bibi yako