Mahali pa Kumtia Paluku

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba. Bulengera
Nyumba tisa leo. Tope kila mahali. Nasoma swali kama lilivyoandikwa, napiga alama, naendelea. Kuongeza neno ni marufuku. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Katika utafiti huu ni kosa. Lakini sibishi. Juma lililopita kule Musienene maswali yalikuwa haya haya, ndiyo maana majibu yanalinganishika. Na mengine niliyatunga mimi, kwa ajili ya mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza chuo. Najivunia.

Jumanne, tarehe 7
Mama mmoja aliyekimbia vita kule Manguredjipa. Watoto walio hai? Wawili. Waliofariki? Hakuna. Majina: Kambale, Kasereka. Kalamu ikasita. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Kambale ni wa pili, Kasereka wa tatu. Wa kwanza yuko wapi? Fomu haiulizi. Nikaendelea na swali la choo. Naona haya.

Jumatano, tarehe 8
Nimemweleza mkuu wetu wa utafiti, mwalimu kutoka Kasai. Anasema kila mmoja akiuliza lake, hatutalinganisha kitu. Kweli tupu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, tarehe 10
Nimerudi kwa yule mama bila fomu. Alikuwa akichambua maharage. Nikamuuliza habari za mkubwa wao. Hakushangaa. Anaitwa Paluku. Watu wenye silaha walimchukua shambani msimu uliopita wa kupanda. Tangu hapo, kimya.
"Uliniuliza benye kuwa bazima, kisha benye kufa," akasema. "Sasa Paluku, ningemutia wapi?"
Swali lile nililitunga mimi, nikaona limekamilika. Nimejichukia siku nzima.

Jumamosi, tarehe 11
Nimeomba kisanduku cha tatu: haijulikani. Mkuu amekataa. Fomu zimeshachapwa, nyumba nyingi zimeshajibu. Nichague kimoja, la sivyo fomu hiyo inatupwa. Kumwandika hai ni kubahatisha. Kumwandika amefariki, mkono umekataa. Kuacha idadi ya watoto wawili ni uongo ninaoujua.

Jumatatu, tarehe 13
Nimeirudisha fomu. Nimeandika juu yake: imeharibika. Nyumba ya jirani imechukua nafasi. Nilipokwenda huko, mama yake Paluku alikuwa uani kwake. Tukasalimiana. Akauliza kama nimempatia Paluku mahali. Nikamwambia hapana. Yeye na watoto wake wote watatu hawamo tena katika utafiti. Hilo sikumwambia.