Siku Mtoto Wako wa Kwanza Alipokuja Kukuchukua

Baba yangu uliye mbali,

Asubuhi ya leo ukungu ulipanda kutoka bandarini ukaufunika mtaa wetu wote wa Bluff. Nyumba za jirani hazionekani, bahari haionekani, zinasikika honi za meli tu. Nilikaa barazani na chai yangu, nikawa kama nakusikia ndani ukiburuta ndara zako sakafuni, ukifungua dirisha moja baada ya jingine, maana ulikuwa unaamini nyumba nayo inaamshwa. Nikageuka. Alikuwa Mama. Amevaa ndara zako.

Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia. Kuna mambo yametokea tangu uondoke ambayo hukuyaona, na wewe hukupenda kuhadithiwa nusu nusu.

Hapa Durban watu walikujua kama yule mzee Mmarekani mweusi, mrefu, anayeongea Kiswahili cha Bukavu kwa ulimi wa kwao. Walijua unawachorea watu vyumba vya kuongeza huku Bluff na kule Chatsworth, na ukimaliza kuchora unarudi tena na tena kuangalia kama mvua inaingia. Wachache sana walijua kwamba katika mji ulikozaliwa kule Marekani, wewe ndiye mtu mweusi wa kwanza kupewa leseni ya usanifu wa majengo. Hukuwa mtu wa kujitangaza. Mimi mwenyewe niliyajua haya Jumapili hadi Jumapili, tukitoka kanisani Jacobs, wewe umekaa kwenye kiti barazani na taulo shingoni, mimi nakunyoa. Mashine ikianza kuunguruma, nawe unaanza kuongea, macho umeyafumba.

Uliniambia habari za ofisi yako ya kwanza. Wateja walikuwa wanapiga simu, wanaipenda sauti yako, wanakuja. Wanakukuta mezani wanauliza, "Msanifu mwenyewe yuko wapi?" Nawe unawajibu kwa upole, "Anakuja sasa hivi." Unatoka kwa mlango wa nyuma, unavaa koti, unalizunguka jengo, unaingia kwa mlango wa mbele na kuwapa mkono.

"Walifanya nini?" nikakuuliza.

"Wengine walicheka. Wengine waliondoka."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshavaa koti. Nikaendelea na kazi."

Ukanisimulia pia ile maktaba, jengo la kwanza la umma ulilolichora peke yako. Siku ya kuifungua hawakukuwekea kiti huko mbele. Ulisimama nyuma na watu, umembeba Calvin mabegani ili aone. Calvin, mtoto wako wa kwanza, uliyemzaa na mke wako wa huko. Kila ulipofika kwenye jina hilo sauti yako ilipungua, nami nilijifanya natafuta kitana.

Ndoa ile ilipovunjika ulikuja Bukavu, Kongo, kujenga shule, ukisema utakaa mwaka mmoja. Mama alikuwa anafundisha darasa la kwanza. Anapenda kuisimulia siku aliyokufuata kwenye vumbi la saruji akakuambia madirisha yako yako juu mno, watoto wakikaa hawataona ziwa. Uliyashusha. Halafu ukawa unapita darasani kwake kila siku, eti unaangalia kama bado wanaliona. Mimi nilizaliwa pale juu ya ziwa, na vita vilipotufukuza ulinibeba mabegani, kama ulivyombeba Calvin, mpaka Kigoma, na mwisho tukatua huku. Mwaka wako mmoja ukawa maisha.

Lakini kuna Jumapili moja ambayo sikuisahau. Nilikuwa nakutengeneza nyuma ya masikio, ukasema bila kufumbua macho, "Nimejenga vyumba vya watoto wa watu wengi. Kuna mtoto mmoja sikumjengea chumba." Nilizima mashine. Nikakupangusa nywele shingoni kwa taulo.

Ulipolazwa, moyo umechoka, nilikaa nawe mchana mmoja jua likiingia mpaka kitandani kwako. Nikakuuliza kile ambacho mtu hapendi kumuuliza baba yake. "Baba, ukituacha, tukuweke wapi?"

Ulitazama dari kwa muda mrefu, kama unaipima. "Mama yako atajua," ukasema. Kisha ukaniuliza kama saluni yangu ina wateja.

Hukukaa sana baada ya hapo. Uliondoka Mama amekushika mkono, mimi nimekushika mguu. Nikampigia Calvin. Nilijua mlikuwa mnaongea Krismasi, simu fupi, mkiulizana kuhusu baridi na joto. Akasema anakuja.

Nilimpokea uwanja wa ndege. Baba, nilikuona wewe ukitoka kwenye ule mlango wa vioo. Paji lako la uso, mikono yako mirefu isiyojua ikae wapi. Mtu mzima mwenye mvi, ananitazama kama anayetafuta kitu usoni kwangu. Hatukukumbatiana. Tuliendesha mpaka Bluff tukiongea Kiingereza kuhusu safari.

Alimsalimu Mama kwa heshima, akala kidogo, akaweka uma chini. "Nimekuja kumchukua baba yangu," akasema. "Nimezungumza na watu wa mji wetu. Wanataka kumzika kwa heshima aliyonyimwa alipokuwa kijana. Kaburi la mama yake lina nafasi pembeni."

Tulikuwa tumeshaongea na mchungaji tukuzike hapa Durban. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi. "Baba yako?" nikamwambia. "Huyu mama hapa amemuosha, amemlisha, amekaa naye hospitali. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale aliponiacha," akasema.

Hakupandisha sauti. Mama, ambaye Kiingereza chake si kingi, aliniuliza, "Anasema nini?" Nikashindwa kumtafsiria. Nikasema tu, "Anataka kwenda na Baba." Mama akaendelea kukunja kitambaa cha meza, akikikunja na kukikunjua. Hakutoa jibu siku hiyo wala siku iliyofuata.

Mjini maneno yalienea. Mteja mmoja, mama wa kwetu Bukavu, aliniambia nikiwa namsuka, "Eish, dada, mwili ya mzee inaenda ng'ambo namna gani, na bibi yake iko hai? Weye unakubali?" Nikamwambia sikubali. Nilikuwa nimeshaamua, Calvin atarudi peke yake. Hukumuandikia mtu wosia, na sisi ndio tuliokuwa nawe.

Siku hiyohiyo Calvin alikuja saluni. Nadhani alichoka kukaa nyumbani amezungukwa na viatu vyako. Alisimama mlangoni akiangalia. Akaniuliza, "Hii pia ni ya kwake?" Alijua hata kabla sijamwambia kwamba wewe ndiye uliyeichora.

Nikampa kiti nikamweleza. Kwamba kabla ya kuchora mstari wowote ulikuja ukakaa kwenye kona kutwa nzima ukiwatazama wanawake wakisukwa, mpaka mmoja akaona haya akauliza, "Huyu mzee anatafuta nini?" Nikamjibu, anatafuta pale migongo yenu inapouma. Kwamba ulivipa viti migongo mirefu, ukageuza vioo ili mteja amwone msusi wake usoni wakiongea, na chini kabisa, usawa wa magoti, ukafungua dirisha refu lenye ukingo mpana, ili watoto wanaongoja mama zao wakae wakiangalia magari yakisimama kwenye robot, zile taa za barabarani.

Calvin aliinama kwenye lile dirisha. Akapitisha kiganja kwenye ukingo, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akakaa pale, mtu mzima na miguu yake mirefu, mgongo wake kwetu.

"Ile maktaba ina dirisha kama hili," akasema. "Upande wa watoto. Alipoondoka, nilikuwa nakwenda kule kila nikitoka shule. Mama yangu alifurahi, akadhani napenda vitabu. Sikupenda vitabu. Nilikuwa nakaa kwenye ukingo wa dirisha kwa sababu niliona kama amenitengenezea mimi."

Mimi niliendelea kukunja taulo. Nilikuwa nimekula nawe, Baba, nimeumwa ukanishika kichwa, umenipeleka shule chini ya mvua na mwavuli wote ukiwa upande wangu. Mwenzangu alikuwa na ukingo wa dirisha. Hasira yangu niliitafuta nikaiona bado ipo, lakini haikuwa na pa kusimama.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama jikoni anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nikamwambia alichosema Calvin, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Mchi ulisimama.

"Alikuwa anakaa ku dirisha?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku akitoka shule."

Aliketi kwenye kigoda. Akajifuta mikono kwa kitenge, kidole kimoja kimoja. "Mi nimekula na baba yako maisha yote," akasema. "Tumegombana, tumekimbia vita pamoja, amezeeka mbele ya macho yangu. Nimeshiba ye. Ule mutoto hajashiba." Akaniangalia usoni. "Mwambie aende naye."

"Mama, na wewe utaenda wapi kumlilia?"

"Nitamulilia hapa. Nyumba yote ni yeye."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Alichukua mchi akaendelea.

Calvin alipoambiwa, alisimama, akakaa tena. Akaenda jikoni, akapiga magoti mbele ya Mama kama alivyoona vijana wetu wakifanya, vibaya vibaya, magoti yakimuuma. Mama alimwekea mkono kichwani, akamwita kama mama wa Bukavu anavyomwita mwanawe, "Simama, papa, sakafu ni ya baridi." Hakuna aliyetafsiri.

Tulikuaga kule Jacobs, kwenye lile ghala tulilokodi kuwa kanisa, ambalo ulikuwa unasema siku moja utaliwekea madirisha. Kwaya iliimba mpaka mabati yakaitikia. Wakongomani walikuwepo, majirani wa Bluff walikuwepo, na familia moja kutoka Chatsworth uliyoijengea jiko ilikuja na maua. Calvin alisimama mbele akaeleza kwamba watu wa kwao watamzika msanifu wa kwanza mweusi wa mji wao. Kisha akatuangalia sisi, akasema, "Lakini mtu mwenyewe aliishi hapa." Mchungaji alipotafsiri, watu waliitikia chini chini, kama upepo unaopita kwenye miwa.

Daktari hakumruhusu Mama kupanda ndege, na mimi sikutaka kumwacha. Kwa hiyo ulisafiri na Calvin. Tuliiona ndege ikiinuka, ikawa ndogo, ikaingia mawinguni. Mama alibaki akitazama pale mahali ilipoingilia, hata palipokuwa hapana kitu tena.

Tangu hapo, Baba, siku zetu zimekuwa kama za mtu aliyeamka usingizini mchana. Naweka sahani tatu. Naona gari linalofanana na lako pale kwenye mteremko, mguu wangu unataka kukimbia. Kuna wakati nalala kidogo alasiri naota umenichukua kunionyesha nyumba ambayo haijajengwa bado, unanipitisha kwenye vyumba vya hewa, unasema hapa jua litaingia, hapa mtu atakaa na kikombe chake. Sitaki kuamka. Nikiamka nakukasirikia kidogo kwa kuwa mbali, halafu inapita. Sijutii tulichokifanya. Najua tu kwamba kinauma, na Mama naye anajua, ndiyo maana anavaa ndara zako na mimi simwambii kitu.

Sasa nikueleze la mwisho, ambalo hasa ndilo nililotaka lifike kwako.

Alasiri moja, wiki chache baada ya mazishi, simu iliita. Alikuwa Calvin. Kwao bado ilikuwa asubuhi. Alisema yuko makaburini, kwenye kaburi lako, peke yake, mvua ndogo inanyesha. Alitaka kujua kama Mama angependa kuongea na wewe. Aliliuliza swali hilo kwa aibu, kama mtu anayeogopa kuchekwa.

Nikampa Mama simu. Calvin akailaza yake kwenye nyasi. Tulisikia mvua ya kwenu ikigonga karibu kabisa na sikio.

Mama aliongea. Hakuongea kama anayesali, aliongea kama vile uko chumba cha pili. Alikuambia habari za kanisa, za goti lake, za mimi. Alikuomba umsamehe hakuja. Mwishoni akashusha sauti. Akamaliza, akanirudishia simu, akaenda kuanua nguo.

Calvin aliiokota ya kwake. "Alisema mengi," akaniambia. "Pale mwisho alisema nini?"

Nikamwambia. Amesema, usisikie ugeni huko, iko mutoto wako karibu.

Halafu akaniuliza watu husemaje kwa Kiswahili wakitaka kusema kwamba wapo, hawajaondoka. Nikamfundisha. Akajaribu, akakosea, nikamrekebisha, akajaribu tena.

Kisha nikasikia sauti yake inakwenda mbali na simu, inashuka chini, kwenye nyasi.

"Niko hapa, Baba," akasema. "Niko hapa."

Lala vizuri huko, kati ya mama yako na mwanao. Sisi huku tunafungua madirisha.

Ni mimi,
binti yako wa Bukavu na Durban